Funguo za Nyumba za Watu

Nilitaka kuandika habari za Adla kwa upole, kama alivyo mwenyewe. Nimeshindwa. Kila nikifika kwenye jina la Nasib mkono unakaza kalamu hadi karatasi inatoboka. Basi nitaandika hivi hivi, na hasira yangu Mungu anaijua, maana kila asubuhi namwambia.

Adla ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Ni mjane wa Shehade aliyekuwa akichonga mawe, na mama wa Bshara, ambaye yuko Australia na huja kwetu kwa sauti tu, Jumapili, kwenye simu. Kijiji chetu kiko juu mlimani. Zabibu zikishavunwa watu wengi hushuka pwani kwenye shule na kazi, nyumba zao zikabaki na baridi. Wakishuka, funguo walimwachia Adla. Jikoni kwake, pembeni ya picha ya Mama Maria, alipigilia misumari, kila msumari ufunguo wake, kila ufunguo na uzi wa rangi yake. Adla hasomi sana. Nyuzi alizijua.

Watu wanadhani kutunza nyumba ya mtu ni kukaa na ufunguo. Theluji ikianguka Adla alipanda juu ya dari za watu na koleo, aisukume chini kabla haijawa nzito ikapasua zege. Usiku wa kuganda aliacha bomba la maji lidondoke tone tone, kwa sababu maji yanayotembea hayagandi upesi. Alitega panya. Alifunga mbao za madirisha upepo ukivuma, akazifungua jua likitoka, ili kuta zisiote ukungu. Noeli ikikaribia alikwangua masizi kwenye mabomba ya moshi, akawasha majiko siku moja kabla, kwa sababu nyumba ya mawe iliyolala na baridi haipati joto kwa saa moja. Magodoro aliyasimamisha karibu na moto mpaka unyevu uyatoke. Mezani aliweka tini kavu na jozi, jikoni sufuria ya ngano. Watu walifika na watoto wao, wakavua makoti mlangoni, wakasema, "Ah, nyumbani." Hawakujiuliza hilo joto limetoka wapi.

Katika nyumba zote, aliyoipenda zaidi ni ya Bibi Hanne, mama yao Nasib na Wadih. Bibi Hanne alipokuwa karibu kufa alimwita Adla, nami nilikuwepo nikimshikia kikombe. Alisema, "Adla, wanangu watafunga nyumba hii, nawajua. Wafunge mwaka mzima. Lakini mkesha wa Ubatizo usikubali mlango wangu ufungwe kitasa. Bwana akipita asiukute umefungwa."

Adla akasema, "Nitaufungua mama, maadamu napumua."

Mkesha wa Ubatizo wa Bwana, siku kumi na mbili baada ya mkesha wa Noeli, sisi hatufungi milango. Mama aliye nyumbani huwasha taa dirishani, hukanda donge la unga bila chachu akalitundika mtini ndani ya kitambaa, hukaanga kaimati, na mlango anaurudisha tu bila kuufunga. Bwana hupita akibariki, akisema, "Daima, daima." Ndivyo walivyofanya mama zetu. Adla aliwahurumia walioko pwani, ambao nyumba zao zingepitwa. Kwa hiyo jua likizama alizunguka na funguo zake, akafungua kila nyumba aliyoachiwa, akaweka taa dirishani, na asubuhi kabla ya Misa akazunguka tena kufunga. Alifanya hivyo miaka na miaka. Hakikupotea hata kijiko.

Januari iliyopita Nasib alipanda na mkewe na watoto asubuhi ile ile ya Ubatizo, mapema, ili wawahi Misa. Akakuta mlango wa mama yake uko wazi. Akaingia. Chini ya ngazi, mahali zinapokaa betri za sola, palikuwa patupu.

Hakuja kwa Adla kumuuliza. Hakugonga mlango. Alisubiri Misa iishe, watu wote tumesimama uwanjani na chupa zetu za maji ya baraka, tunatakiana heri, ndipo akapaza sauti.

"Mama Bshara. Nyumba yangu jana ulimfungulia nani?"

Adla alikuwa bado ana bunda la funguo mkononi. Akajibu kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Nilimfungulia Bwana."

Kuna mtu alicheka. Namjua, lakini nitamstahi.

"Kwa hiyo Bwana ndiye aliyebeba betri zangu?" Nasib akasema. "Alikuja na gari au alizibeba mgongoni?"

"Betri gani, mwanangu?"

"Usiniite mwanangu. Ama umewafungulia wezi, ama umebeba wewe. Chagua. Na ufunguo wangu lete hapa."

Padri Mtanius alisema, "Nasib, taratibu, ni sikukuu." Huo ndio utetezi wote aliotoa, na nilimwambia hivyo baadaye.

Adla alifungua uzi wa kijani kwenye bunda. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi na fundo lilikataa, na watu wote wakasimama kumtazama akihangaika na lile fundo, hakuna aliyemsaidia, mpaka nikaweka chupa yangu chini nikalifungua kwa meno. Nasib akauchukua ufunguo, akageuka.

Sitasema Adla hakukosea kabisa. Zama zimebadilika, watu wana shida, na siku hizi betri moja ya sola wengine wanaitamani kuliko dhahabu. Angeweza kumuuliza Nasib, "Mama yako aliniomba hivi, wewe waonaje?" Hakuuliza. Alidhani alichokiomba mama, mtoto anakijua. Kosa lenyewe ni hilo. Lakini kwa kosa hilo mtu haitwi mwizi mbele ya kanisa, na maji ya baraka mkononi.

Baada ya hapo wakaanza kuja. Mmoja baada ya mwingine, na nyuso laini.

"Si kwamba tunakushuku, Mama Bshara. Ni siku zenyewe tu."

"Mume wangu amesema tubadilishe vitasa, unajua wanaume."

"Wewe pumzika sasa, umri unaenda."

Adla alitoa kila ufunguo, akamfungia kila mmoja figili za siki kwenye gazeti, akamsindikiza mpaka njiani. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha langu nikiwahesabu. Kufikia Kwaresima misumari ilikuwa mitupu. Aliacha kunywa kahawa jikoni kwake. Alikuja kunywa kwangu, akikaa na mgongo upande wa ukuta wake.

"Misumari ing'oe basi," nikamwambia.

"Nikiing'oa itabaki mashimo," akasema. "Mama Jabur, mimi funguo sizitaki. Nataka jina langu. Mwite mtu mwizi uwanjani, halafu aende akafie wapi?"

Wakati wa joto, watu wanapopanda kutoka pwani, pikapu ya Wadih ikasimama dukani. Wadih ni mdogo wake Nasib. Nyuma ya pikapu kulikuwa na betri, zimefunikwa blanketi la Bibi Hanne, lile la mistari myekundu, ambalo kijiji kizima tunalijua.

Nilikuwa nanunua chumvi. Nikatoka nje. "Wadih, hizo ni nini?"

"Betri za nyumba, shangazi. Nilizishusha mwezi wa kwanza zisife kwa baridi. Nilipita jioni ya mkesha, nikakuta mlango wazi, nikaona niokoe kitu."

"Na hukumwambia mtu."

"Nimwambie nani? Nyumba ni ya mama yetu, si ya Nasib peke yake."

"Ulisikia kwamba Adla ameitwa mwizi?"

Akakuna shingo. "Nilisikia."

"Tangu lini?"

"Juma lile lile."

"Ukanyamaza."

"Shangazi, ningesema na nani? Mimi na Nasib hatusemezani tangu arobaini ya mama. Ningempigia simu ingekuwa mimi ndiye nimeanza."

Rudia kusoma maneno hayo. Ingekuwa mimi ndiye nimeanza. Waligombania kipande cha shamba la jozi, kila mmoja akaapa hatakuwa wa kwanza kufungua mdomo, na ili kiapo hicho kisivunjike mwanamke mzima akakaa na jina la mwizi tangu theluji mpaka mavuno ya cheri. Nilimwambia Wadih aende akamwambie Adla mwenyewe. Akasema ataenda jioni. Sijui ni jioni ya mwaka gani.

Habari ilienea kwa saa moja. Ungedhani watu wangetoka majumbani na kumwendea Adla kwa magoti. Walisema, "Mungu ashukuriwe, zimepatikana." Basi. Na zabibu zilipoiva funguo zikaanza kurudi, na tabasamu lile lile zililoondoka nalo.

"Mama Bshara, hakuna kama wewe."

Adla alizipokea zote, akazitundika. Nilimfokea. Nilimwambia, "Wafanye watambae kwanza." Akasema, "Hawa hawakusema neno, Mama Jabur, waliogopa tu. Aliyesema ni mmoja."

Huyo mmoja alimtuma mchuuzi wa mkate na boksi la halua kutoka duka kubwa la mjini, lenye utepe. Bila kikaratasi, bila salamu. Adla hakufungua utepe. "Mrudishie," akamwambia mchuuzi. "Mwambie, neno alilitupa uwanjani. Aje aliokote uwanjani."

Mwisho wa kiangazi Wadih alifunga nyumba ashuke. Kabla ya kushuka alipanda darini, akashindilia gunia kwenye mdomo wa bomba la moshi ili ndege wasijenge humo, kama mama yao alivyokuwa akifanya. Bibi Hanne alikuwa akiliondoa mwenyewe kabla ya baridi, na baada yake Adla aliliondoa. Sasa ufunguo hakuwa nao, na ngazi ya kupandia dari ya Nasib iko ndani ya nyumba. Tulikuwa tukiliona lile gunia kutoka kwenye dari ya Adla kila tulipoanika nguo.

Juma la Noeli Nasib akapiga simu. Adla alikuwa kwangu tukichambua ngano, akafungua sauti ya simu tusikie wote.

"Mama Bshara, habari za baridi. Sikiliza, tunapanda Alhamisi na watoto. Ufunguo nitampa dereva wa basi akuletee. Uwashe jiko tangu Jumatano, watoto wana mafua."

Hivyo tu. Kama vile ile Januari ilimtokea mtu mwingine.

Adla akaweka ngano chini. "Nasib, ufunguo wako sipokei. Unajua kwa nini."

"Bado hilo? Betri si zilipatikana?"

"Betri zilipatikana. Mimi bado."

"Basi, nitawasha mwenyewe. Nimezaliwa humo, sihitaji kubembeleza mtu."

"Washa. Lakini kwanza panda juu utoe gu..."

Alikuwa amekata. Adla akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena. Akanipa mimi nipige kwa simu yangu, ikaita mpaka ikachoka. Nikamwambia, "Mwache, moshi utamfundisha." Adla akasema, "Humo kuna watoto, Mama Jabur," akampigia mkewe Nasib, naye hakupokea. Tukaamua tutawaambia wakifika.

Alhamisi, mkesha wa Noeli, tulikuwa kanisani tangu baada ya chakula cha mchana tukipanga pango la Noeli: ngano na dengu tulizootesha kwenye pamba tangu siku ya Mtakatifu Barbara, mwanzo wa Desemba, tukizipanga kuzunguka hori. Theluji ilizima sauti ya magari, hatukusikia lililopita. Tulipotoka kulikuwa bado kweupe. Adla alitazama juu, maana huko ndiko macho yake hutazama siku zote, kwenye mabomba ya watu. Kila nyumba ilikuwa inatoa moshi. Kwa Nasib gari lilikuwa limesimama nje, gunia lilikuwa bado liko juu ya bomba, na vioo vya madirisha vilikuwa vimeota jasho.

"Wamewasha," Adla akasema. Akakimbia. Sijawahi kumwona akikimbia tangu tulipokuwa wasichana.

Mlango wa nje haukuwa umefungwa. Mkewe Nasib alikuwa jikoni, upande wa pili wa nyumba, anapanga vyombo. Nasib alikuwa nyuma ya nyumba akisukumana na jenereta. Katika chumba cha jiko, watoto wao wawili walikuwa wamelala kwenye godoro mbele ya moto, wametoka kutapikatapika njiani na sasa, akasema mama yao, wamechoka na safari. Kuni zilikuwa mbichi, kwa hiyo baba yao alijaza jiko mkaa wa kuchomea nyama. Mkaa hautoi moshi wa kukuamsha. Unawaka mwekundu, mzuri, kimya, na kila kinachotakiwa kutoka juu kinarudi chini. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa, na chini yake wameshindilia taulo ili joto lisitoke.

Adla alilipiga teke lile taulo. Alimbeba msichana begani, mimi nikamkumbatia mvulana, mzito kama gunia la maji, kichwa kinaning'inia. Tukawatoa kwenye theluji. Msichana akakohoa, akatapika kwenye shali ya Adla, akaanza kulia. Mvulana hakulia. Nilimpaka theluji usoni, nikamwita jina, nikamwomba Mama Maria, nikamzaba kofi, Mungu anisamehe. Nikampiga la pili. Akafungua macho, akaniangalia kama mtu aliyeudhiwa, akasema kichwa kinamuuma.

Adla alikuwa amesharudi ndani na kufungua kila dirisha. Alitoka na droo ya makaa ya jiko, ameishika kwa koti lake, akaimwaga njiani. Theluji ikapiga kelele. Majirani wakatoka. Nasib akaja mbio na mikono ya grisi.

"Nini? Kuna nini?"

Na hapo Adla, ambaye hata kuku hawafukuzi kwa sauti, alipaza sauti yake.

"Tazama juu ya nyumba yako, Nasib. Tazama. Unaliona? Gunia hilo ndugu yako aliliweka, na hakukwambia kwa sababu hamsemezani. Mimi nilitaka kukwambia, ukanikatia simu kwa sababu hupendi kuomba radhi. Kila mtu humu amefunga mdomo wake kwa heshima yake, na watoto wako ndio wanaovuta hewa hiyo. Bwana akija kwenye nyumba hii apitie wapi? Mlango mmeufunga, bomba mmeliziba, na midomo pia."

Hakuna aliyecheka safari hii.

Nasib alipiga magoti kwenye theluji akamshika mvulana. Akaanza, "Mama Bshara, mimi..."

"Si hapa," Adla akasema. "Unapajua. Sasa wapeleke watoto wakapimwe."

Wakawashusha hospitali ya bondeni. Usiku walirudishwa, wazima, na walilala kwa Adla, kwa sababu nyumba yao ilikuwa barafu. Aliwapa supu ya dengu. Baba yao alikula pia, akiwa amekaa chini ya ile misumari, na sikumsikia akisema zaidi ya "asante" na "inatosha". Mimi supu ile nilitamani imkwame. Kesho yake nilipokea Komunyo, na kabla ya kupokea nilimweleza Padri hilo, akaniuliza kama bado natamani. Nikasema kidogo.

Baada ya Misa ya Noeli tulisimama uwanjani. Jua lilikuwa linapiga theluji mpaka macho yanauma. Nasib alikuja na ufunguo umefungwa uzi wa kijani, uzi mpya, sijui aliutoa wapi. Akasimama mbele ya Adla, akasema jambo akitazama viatu vyake. Mimi niliyekuwa karibu nilisikia nusu tu.

Adla hakunyoosha mkono.

"Paza sauti," akasema. "Siku ile ulisikika mpaka kisimani."

Nasib akainua kichwa.

"Nilimwita Mama Bshara mwizi hapa hapa," akasema, na safari hii walisikia hata waliokuwa wameshaanza kuteremka ngazi. "Hakuiba. Nilijua hakuiba hata nilipokuwa nasema. Niliona aibu kwamba nyumba ya mama yangu ilihitaji mtu wa nje kuikumbuka."

Nilijua hakuiba hata nilipokuwa nasema. Mwenzangu, hapo hasira yangu iliyokuwa inapoa iliwaka upya, na haijazima.

"Nimesikia," Adla akasema. Hakusema amesamehe. Akafungua kiganja, akapokea ufunguo. "Mama yako aliniomba mlango wake uwe wazi mkesha wa Ubatizo. Sikukuuliza, nilipaswa kukuuliza. Sasa nakuuliza mbele ya watu. Nifungue au nisifungue?"

Mkewe alimgusa kiwiko.

"Fungua," Nasib akasema. "Nitakuwepo mwenyewe. Nitakaa na taa."

"Na ndugu yako umpigie simu."

Hapo alifunga mdomo tena. Adla akatia ufunguo mfukoni, akanishika mkono, tukashuka ngazi polepole kwa sababu ya barafu. Njiani tukapita chini ya nyumba ya Bibi Hanne. Gunia lilikuwa bado liko juu ya bomba. Adla akasimama akalitazama, kisha akanipa kitabu chake cha sala nimshikie.

"Nisubiri," akasema. "Sitakawia."